Hatua ya Sentimita Sitini

Katika chumba cha walimu hapakuwa na mtu aliyempenda. Yeye alilijua hilo, na wala halikumkosesha usingizi. Meza yake waliisukuma mwaka hadi mwaka mpaka ikafika kando ya mlango wa stoo, mahali ambapo kila anayekwenda kuchukua chaki sharti amgonge kiwiko. Wenzake walimwita Umejuaje. Wanafunzi nao walimwita hivyohivyo, ila wao walishusha sauti. Jina alilipata kihalali, kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya kufundisha somo la jamii haikupita siku bila kumkaba mtu koo kwa swali hilo.

Mwalimu wa hesabu akisema mvua za mwaka huu zitachelewa, sauti ilitoka kule stoo: "Umejuaje?" Mwalimu wa michezo akilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu kama wa zamani, sauti ikatoka tena: "Umejuaje? Ulihesabu? Wa zamani ulihesabu wangapi?" Siku moja karani wa shule aliingia akilia, akasema mumewe ana mwanamke mwingine. Walimu wakamzunguka kumpa pole, na yule bwana bila haya akauliza swali lake. Tangu siku ile karani hakumchapia karatasi hata moja. Mitihani ya somo la jamii ikawa inaandikwa kwa mkono.

"Wewe mzee una maradhi," mwalimu wa michezo alimwambia.

"Umejuaje?"

Darasani alikuwa mbaya zaidi. Kuna methali aliyoipiga marufuku kabisa, ile ya lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwanafunzi aliyeitamka alisimama kipindi kizima akitazama ukuta. "Lisemwalo limesemwa tu," aliwafokea. "Nani kasema? Alikuwepo? Anapata nini akisema hivyo? Na asiyempenda anasemaje? Ukishanijibu hayo ndipo uje uniambie lipo." Watoto waliandika maswali hayo ndani ya jalada la daftari, wengine kwa uchungu, wengine kwa kumkomoa tu.

Anayetaka kujua chuki hiyo ilikotoka autazame mguu wake wa kulia. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, madaftari mapya ya shule yalipotea kabatini, na mwalimu wa zamu akatangaza kwamba darasa zima linajua mwizi ni mtoto wa mfagiaji. Mfagiaji alikuwa mama yake. Hakuna aliyeuliza darasa zima limejuaje. Walipomjia na fimbo aliruka dirishani kutoka ghorofani, akaangukia goti. Wiki ya pili madaftari yalionekana katika stoo. Yalihamishwa tu, na aliyeyahamisha alisahau. Hakuna aliyekuja kumwomba radhi mama yake. Goti lilipona vibaya, na tangu hapo hutembea kwa hatua fupi za kuvuta, na kila baridi ikizidi goti humkumbusha.

Kitu kimoja tu alikipenda pale shuleni. Kila Jumatano mchana kidato cha pili kilikuwa na vipindi viwili mfululizo ambavyo kwenye ratiba viliitwa Stadi. Hapo vitabu hufungwa. Aliwatoa watoto nje wachore ramani ya njia kutoka langoni hadi kwenye bomba la maji, na aliyesahau kuonyesha kaskazini aliirudia yote. Aliwatuma wakamhoji mtu mzima bila kumtilia jibu mdomoni. Aliwaletea habari mbili za ugomvi mmoja, za watu wawili wasiopatana, wakapigia mstari yale ambayo wote wawili wamekubali. Siku nyingine waliketi kando ya barabara wakahesabu wapitao kwa miguu na wapitao kwa baiskeli, wakarudi kuchora chati. Hakuwasifu hata mara moja. Lakini mke wake alijua kwamba Jumatano ndiyo siku pekee mumewe alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Mkuu wa shule hakuvitaka vipindi hivyo hata kuvisikia. Mkuu alikuwa na nukuu zake. Aliziandika mwenyewe zamani akiwa mwalimu wa somo hilohilo, kurasa mia moja na arobaini, na kwa miaka kumi na moja kila kidato kilizinakili neno kwa neno kama watu wanaoandikishwa wosia. Kwa Mkuu, mtoto aliyekwenda kuchungulia bomba la maji saa za masomo ni mzururaji, na mwalimu aliyempeleka ni mzururaji mkubwa.

"Mtihani haumuulizi mtoto alitembea wapi," alimwambia mlangoni mwa ofisi, mbele ya watu. "Unamuuliza stadi za somo la jamii ni ngapi. Ni saba. Ukurasa wa tisa."

"Kujua ziko saba na kuzijua ni mambo mawili, Mkuu."

"Basi bodi itachagua moja. Ijumaa ya mwisho wa mwezi wanakaa. Nimeliweka kwenye ajenda: Stadi zifutwe, vipindi viende kwenye nukuu. Jiandae, ndugu yangu."

Alilitamka lile neno ndugu yangu kwa namna ambayo mtu angetamka jina la mdudu. Umejuaje aliondoka akivuta mguu, mori umempanda, na kabla hajafika stoo alikwishaamua. Bodi haitaki maneno. Atawapelekea kitu walichokitafuta watoto wenyewe kwa mikono yao, kitu kizito, kitakachowafanya wanabodi wakae wima kwenye viti. Vipindi vyake vitapona, na Mkuu atafedheheka.

Kitu chenyewe kilikuwa mbele ya macho. Kiwanja cha shule kilipakana na karakana ya mbao, na mwenye mbao alikuwa rafiki mkubwa wa Mkuu. Miaka mitatu nyuma mwenye mbao aling'oa ule ua wa miti uliokuwa mpakani akajenga ukuta wa matofali. Watu walinong'ona kwamba ukuta umeingia kiwanjani. Ofisini kwa Mkuu kulining'inia ramani ya zamani ya shule, na Umejuaje aliitwa kuonywa mara nyingi kiasi kwamba aliijua kwa moyo. Kutoka ukuta wa lango hadi mpakani ilikuwa mita mia moja na hamsini. Kilichobaki ni kupima.

Kupima umbali kwa hatua ni kazi aliyoifundisha kila mwaka kwa utaratibu mmoja, na hakuwa na mchezo nao. Kwanza kila mtoto anapima mita ishirini barazani kwa rula, anazitembea mwendo wake wa kawaida, anahesabu, anagawanya, anajua hatua yake yeye ni sentimita ngapi. Ya jirani haimhusu. Ndipo anakwenda kupima anachotaka kupima. Ubaoni mwalimu huandika yake kama mfano: Hatua yangu = sentimita 60.

Jumatano iliyofuata Mkuu alimsimamisha ukumbini dakika arobaini nzima kwa ajili ya rejista ambayo haikuwa na kosa lolote. Wawili hao walitupiana maneno mpaka walimu wengine wakafunga milango. Alipofika darasani kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha na jasho linamtoka masikioni. Watoto walikuwa na rula mkononi, tayari kwenda barazani.

"Wekeni hizo," alifoka. "Hakuna muda wa baraza. Tumieni hiyo ya ubaoni, sentimita sitini. Twendeni kiwanjani."

Watoto arobaini na watatu walikitembea kiwanja kutoka ukuta hadi ukuta, midomo ikihesabu. Wastani ulikuja hatua mia mbili na kumi na nne. Wakazidisha kwa sitini. Mita mia moja ishirini na nane na ushei.

Umejuaje aliitazama hesabu hiyo na moyo ukamruka. Mita ishirini na moja zimeliwa! Aliwaambia watoto warudie kuzidisha, wakarudia, jibu likawa lilelile. Hakuwaambia warudie kitu kingine. Jioni alimtafuta mzee aliyewahi kuwa mlinzi wa karakana, akamuuliza kama ukuta ulisogezwa. Mzee akaapa kwa macho yake mawili kwamba ulisogezwa, tena usiku. Mzee huyo alifukuzwa kazi na mwenye mbao kwa kulala zamu, na mtaa mzima ulilijua hilo. Umejuaje naye alilijua. Aliandika ushuhuda wake wote, hilo la kufukuzwa akaliacha.

Alitaka iwe kweli. Huo ndio msiba wenyewe, wala hauna kona za kujificha. Chuki ilimpa jibu kabla ya hesabu, na hesabu ilipokuja imevaa sura ileile aliyoitaka, aliikumbatia.

Kesho yake ramani ya watoto, imechorwa vizuri, kaskazini iko mahali pake, ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nakala ilikwenda kwa kila mwanabodi. Chumba cha walimu kilichangamka kama kuna harusi. Mwalimu wa hesabu aliitazama sana ile ramani akakuna kidevu.

"Kiwanja kimepungua mita ishirini na sisi hatukuona?" aliuliza. "Goli za mpira ziko palepale. Una hakika?"

"Lisemwalo lipo," Umejuaje akamjibu.

Kisha mwalimu wa michezo akapiga meza akicheka mpaka machozi, na karani akachungulia kuona kuna nini. Umejuaje alisikia neno likiwa limeshatoka. Alichukua chaki asiyoihitaji akatoka nje.

Kufika Jumatatu, mtu alikuwa ameandika kwa mkaa kwenye ukuta wa karakana: MWIZI WA KIWANJA. Herufi zilikuwa kubwa, za mkono wa mwanafunzi. Mwenye mbao alikuja langoni amevaa koti la kazi lenye vumbi la mbao, akamwita Umejuaje.

"Mwalimu, nina mjukuu darasa la nne hapo shule ya msingi," alisema. "Wenzake wamemwita mtoto wa mwizi. Nimejenga pale palipokuwa na ua. Mashimo ya ile miti ndiyo niliyotumia kwa msingi."

"Utawaambia bodi."

"Nitawaambia. Lakini mtoto nimwambie nini leo?"

Umejuaje alimgeuzia mgongo. Alimwambia mlinzi afunge lango.

Alhamisi saa za kutoka, binti wa Mkuu alimfuata stoo. Alikuwa kidato cha pili, msichana mrefu asiyesema, aliyekaa dawati la nyuma karibu na dirisha, na Umejuaje hakuwahi kumpenda, kwa kuwa pua yake ilikuwa pua ya baba yake. Alishika daftari kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hatukupima hatua zetu."

"Nini?"

"Siku ile hatukwenda barazani. Nimekwenda jana peke yangu. Mita ishirini nimezitembea hatua ishirini na nane. Hatua yangu ni sentimita sabini na moja. Kiwanjani nilihesabu hatua mia mbili na kumi. Ukizidisha inakuja mia moja arobaini na tisa." Alifunua ukurasa wa pili. "Nimewapima na wenzangu sita. Hakuna mwenye sitini. Sitini ni ya... ni yako, Mwalimu."

Damu ilimpanda kichwani. Alitazama mguu wake wa kulia, kisha akamtazama mtoto, na kilichomtoka kinywani hata yeye hakukitegemea.

"Baba yako amekutuma!"

"Hapana."

"Amekutuma! Bodi inakaa kesho, wewe leo unakuja na hesabu. Mnaniona mimi mtoto? Mwambie hakunipata."

Msichana alisimama palepale. Macho yalikwishajaa machozi, lakini hakuondoka.

"Umejuaje kama nimetumwa?" aliuliza.

Hakukuwa na kejeli. Aliuliza jinsi alivyofundishwa kuuliza. Umejuaje alimfungulia mlango, akamwonyesha nje kwa kidole, akaufunga kwa kishindo nyuma yake, na chaki zikaanguka kutoka rafuni.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Walipangisha vyumba viwili, na kile cha mbele kilikuwa chake: cherehani dirishani, vitambaa kwenye kamba, na ukutani daftari lenye vipimo vya wateja, kila mmoja na ukurasa wake. Alikuwa akikata suruali. Mumewe alimsimulia yote huku akizunguka chumba, akimtukana Mkuu, akimtukana mwenye mbao, akimtukana mtoto. Mke alikata mpaka mwisho wa mstari, akaweka mkasi.

"Baba, hao watoto wana miguu mibovu?"

"Hapana."

"Mimi nikimkatia mteja suruali kwa kipimo cha mguu wangu, atanivua nguo sokoni. Wewe umewakatia watoto arobaini kwa mguu wako, tena ule mbovu."

"Mama watoto, kesho ni bodi!"

"Ndiyo sababu unapiga kelele. Ungekuwa na hakika ungekuwa umelala hapo unakoroma." Alijivua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akamtupia. "Mita moja na nusu. Mara mia moja ni ngapi, mwalimu?"

Alfajiri, kabla mlinzi hajaamka vizuri, mume na mke walikuwa kiwanjani. Yeye hakuweza kuinama kwa sababu ya goti, kwa hiyo mke aliinama, akibana utepe chini na kutia alama kwa chaki yake ya cherehani, naye alishika ncha ya pili na kuhesabu kwa sauti. Walivuka katikati ya kiwanja. Walipita goli. Tisini. Tisini na tano. Umejuaje alianza kuomba kimoyomoyo ukuta ufike mapema, uje sasa hivi, hata tisini na saba angeshukuru. Ukuta ulingoja. Mara ya mia moja, ncha ya utepe iligusa tofali, chini kidogo tu ya ile herufi ya kwanza ya mkaa.

Mke alijinyoosha akishika kiuno. Aliyasoma maandishi ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Utafanya nini?" aliuliza.

"Hakuna ajuaye ila wewe na yule mtoto."

"Sikukuuliza nani anajua."

Bodi ilikaa saa nne asubuhi katika maktaba. Wanabodi saba walikuwa na ramani ya watoto mezani. Mwenyekiti, mama mnene aliyestaafu ualimu, aliisifu kabla kikao hakijaanza, akasema hajapata kuona kazi ya kidato cha pili iliyo safi namna ile. Mkuu alikaa amenyauka, karatasi zake hazijafunguliwa. Mwenye mbao alikaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia magotini. Umejuaje alimtazama Mkuu akaona kwamba hajui kitu. Msichana hakumwambia baba yake. Kumbe angenyamaza tu, ingekwisha. Vipindi vyake vilikuwa mkononi, ni kufumba ngumi.

"Haya, Mwalimu," mwenyekiti alisema. "Tuelezee watoto walivyogundua."

Alisimama. Goti lilimuuma, nalo likamkumbusha dirisha la ghorofani na mwalimu wa zamu akisema darasa zima linajua.

"Ramani ni ya uongo," alisema.

Aliwaeleza. Alisema hatua ni yake, kosa ni lake, watoto walitaka kwenda barazani naye akawazuia. Alisema mlinzi aliyemhoji alikuwa na kisasi na yeye alijua, akaficha. Alisema asubuhi ile amepima kwa utepe na kiwanja kiko kamili. Hakujipamba wala hakulia. Alizungumza kwa sauti kavu, ya mtu anayetapika.

Mkuu aliinua kichwa taratibu. Rangi ilimrudia usoni kama taa iliyotiwa mafuta. "Mwenyekiti," alisema, "mnaona wenyewe matunda ya hizo Stadi. Watoto wamefundishwa kumwita mtu mwizi."

"Kosa limegunduliwa kwa Stadi hizohizo," Umejuaje alisema. "Mwanafunzi ndiye aliyeligundua."

"Mwanafunzi gani?"

Umejuaje alikumbuka kwamba jioni msichana atarudi nyumba moja na Mkuu. "Mwanafunzi mmoja," alisema.

"Hana jina," Mkuu aliwaambia wanabodi akitabasamu. "Tumejuaje kama yupo?"

Walicheka. Hata mwenyekiti alicheka kidogo, kisha akajuta akaficha mdomo. Kura zilikuwa sita kwa moja. Stadi zilifutwa. Vipindi viwili vikapewa nukuu, vikahamishiwa asubuhi ili Mkuu aweze kupita akikagua, na atakayezisoma ni Umejuaje mwenyewe.

Mlangoni alimfuata mwenye mbao. "Nisamehe," alimwambia.

"Ukuta wangu utausafisha wewe," mwenye mbao alisema bila kumtazama. "Siyo watoto. Wewe. Na iwe saa za kutoka, mjukuu wangu apate kuona."

Aliusafisha. Alisimama na ndoo na brashi, mguu mmoja umepinda, wanafunzi wakipita makundi makundi. Mkaa hautoki upesi kwenye tofali. Walimu wenzake walipita pia, na mwalimu wa michezo alisimama kwa muda akimtazama, akatafuta la kumchoma nalo, akalikosa, akaenda zake.

Jumatano iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, alisimama mbele ya kidato cha pili akiwa na jalada la nukuu. Jua lilikuwa limepanda juu ya paa la karakana, likaingia kwa madirisha ya kushoto na kulala juu ya madawati yote ya upande ule. Mkuu alisimama barazani na kitabu chake cha ukaguzi.

"Stadi za msingi za somo la jamii ni saba," alisoma. "Andikeni. Ya kwanza, kukusanya habari. Ya pili, kuchambua habari. Ya tatu, kusoma ramani."

Kalamu zilikwenda. Hakuna aliyeuliza kukusanya kwa nani, wala kuchambua kwa nini. Aliwatazama wale watoto waliokuwa wakibishana naye hadi kengele inalia, vichwa vimeinama sasa, na hasira ikamjaa kifuani, hasira ya kuwachukia hata wao. Akaacha kutazama jalada.

"Katika ramani," alisema kwa sauti ileile ya kusoma, "magharibi ni upande ambao jua huchomoza asubuhi. Nukta."

Kalamu arobaini na tatu ziliandika nukta. Barazani Mkuu aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu katika kitabu chake, pengine kwamba somo linaendelea vizuri.

Umejuaje alipita kati ya madawati. Magharibi huchomoza. Magharibi huchomoza. Daftari hadi daftari, kwa mwandiko mzuri. Alifika dawati la nyuma karibu na dirisha. Binti wa Mkuu naye alikuwa ameandika kama alivyosomewa, kwa wino. Ila pembeni, nje ya mstari mwekundu, palikuwa na maneno madogo ya penseli: Si kweli. Nimetazama dirishani.

Hakupata muda wa kusema lolote. Mkuu alikuwa ameingia darasani kukagua madaftari, na la kwanza aliloshika lilikuwa la mwanawe, labda ili wengine waone hapendelei. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye penseli, lakini hayakusoma.

"Pembeni hapaandikwi," alisema. "Nukuu haziongezwi kitu. Futa."

Msichana akachukua kifutio. Akakishika juu ya ukurasa, juani, mkono umetulia, akamtazama baba yake usoni.

"Nifute lipi, Mkuu?"

Mkuu akainama. Akasoma la wino. Akasoma la penseli. Kisha akageuka polepole akatazama dirisha, mwanga ukamlazimisha kufumba jicho moja. Watoto arobaini na wawili walikuwa wameinua kalamu, wanangoja kuandika atakachosema. Umejuaje alirudi kwenye kiti chake, akaunyoosha mguu mbovu chini ya meza, akangoja nao.